Kiti cha Nyuma Kushoto

Mimi ni msusi, na msusi asiyejua kuongea hufunga duka. Kwa hiyo mtanivumilia nikianzia mbali kidogo. Nikifika kwenye kile kiti maneno yataniishia yenyewe.

Tulikuwa watu sita na kigari cha watu wanne. Mume wangu kwenye usukani, mama mkwe pembeni yake kwa sababu ya magoti, mimi nyuma na watoto watatu, tumebanana kama viazi kwenye gunia. Kitinda mimba wangu alikaa mapajani. Tulimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Alikuwa na miaka mitano. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizi ukiwa umeshamchukua nusu. Nikimsuka ndiyo usiseme, analalamika kuanzia msuko wa kwanza hadi wa mwisho. "Mama, unaniumiza. Mama, hapo hapo. Mama, bado?" Nilikuwa namwambia iko siku nitamshona huo mdomo. Mungu anisamehe.

Mama mkwe ndiye aliyelianzisha. Alitangaza mezani kwamba hapandi tena kile kibiriti, tukitaka kumzika tumzike akiwa amenyoosha miguu. Basi tukaanza kutafuta gari kubwa la familia, lile refu lenye safu tatu za viti, hata kama limetumika. Mume wangu akaliona tangazo. Nikapiga simu mimi, maana yeye muuzaji akisema jua ni la kijani atakubali.

Ilipokea sauti ya mwanamke, ya upole. Nikamuuliza gari lina tatizo gani.

"Kengele ya mkanda tu. Huwa inalia lia."

Kisha akauliza kama tuna watoto. Nikamwambia watatu.

"Njooni nao," akasema. "Muone kama mtatosha."

Nikakata simu nikifikiri, huyu ni muungwana, anajua shida ya mzazi.

Tulikwenda jioni, baada ya mume wangu kutoka kazini. Wakubwa walibaki na bibi yao wakimalizia kazi za shule. Chiriku akadandia, na njia nzima akawa anatugawia viti. Baba hapa, bibi pale, mimi dirishani.

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, ina geti la chuma, na hakuna jirani aliyewasha taa. Gari lilikuwa uani, limeoshwa likaoshwa tena, linang'aa kama sufuria mpya. Mume wangu ni fundi bomba, kwake dunia nzima ni kitu kinachovuja, kwa hiyo hakusalimia vizuri, alishalala chini kutafuta matone. Mwenye gari alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Mwembamba, macho ya mtu asiyelala. Hakunitazama mimi. Alimtazama Chiriku kuanzia utosini hadi miguuni, kama mimi ninavyozitazama nywele za mteja kabla sijataja bei.

"Huyu ndiye mdogo?"

"Ndiye."

"Anaumwa umwa?"

"Huyu? Huyu hata mafua humkimbia. Hayapati nafasi ya kusema."

Nilicheka peke yangu. Yeye alisema "afadhali", akafungua mlango.

Tukaingia tulijaribu. Mume wangu akaendesha, yule mama akakaa mbele kumwelekeza, mimi na Chiriku safu ya katikati. Geti likafungwa nyuma yetu, giza likaanza kuteremka. Hatukufika hata kwenye kona.

Ti... ti... ti...

Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Mume wangu akainama kuisoma. "Kiti cha nyuma kushoto," akasema. "Kinadhani kuna mtu."

Nikageuka. Safu ya mwisho ilikuwa tupu, viti viwili na vivuli vyake. Kengele ikaendelea. Nimeshinda siku nzima chini ya kelele za mashine ya kukaushia nywele, kichwa kinagonga, na ile kengele ikawa inanitoboa sikio. Nikanyoosha mkono, nikavuta mkanda, nikaufunga juu ya kiti kitupu. Watu wengi hufanya hivyo, inanyamaza.

Mkanda ulikuwa na joto, kama umetoka kuvuliwa na mtu.

Kengele haikunyamaza. Iliongeza kasi.

"Hakidanganyiki," yule mama akasema bila kugeuka. "Kinataka mtu. Hata mtoto mwepesi tu."

"Nikae mimi?" Chiriku akadakia.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Nenda basi, tupumzike."

Akapenya katikati ya viti. Nikamfungulia, akakaa, nikamfunga kwa mikono yangu mwenyewe. Kengele ikakatika pale pale. Nakumbuka nilishusha pumzi nikaegemea kiti.

Kilichofuata ni harufu. Dawa ya kikohozi, ile tamu nzito ya watoto, na blanketi lililolowa jasho. Nikadhani kuna chupa imemwagika zamani kwenye zulia.

"Mama," Chiriku akasema. "Kuna mtu hapa."

"Acha mchezo."

"Amekalia mguu wangu."

Mume wangu alikuwa anapiga mluzi, anasifia breki. Yule mama alimwambia kata kulia, akakata kulia. Mikono ya yule mama ilikuwa imekunjwa mapajani, na midomo yake ilikuwa inatembea. Sauti haikutoka.

"Mama... anasema nimpishe."

Nikataka kugeuka, mkanda wangu ukanikaza kifuani kama breki imekanyagwa, na gari lilikuwa linakwenda polepole tu. Nikabonyeza kitufe. Hakikubonyea. Nikashika mkono wa mlango nikavuta, ukawa unacheza bure. Kufuli ya watoto. Ilikuwa imewekwa milango yote ya nyuma, haifunguki ila kwa nje.

"Simamisha gari," nikasema.

Ilitoka kama pumzi. Nikapiga kiti cha mume wangu kwa goti. Akaendelea na mluzi wake. Nilikuwa nimekaa pua na mdomo na mume wangu, na hakunisikia.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, chenye makohozi, cha kifua kilichochoka.

Chiriku hajawahi kukohoa hivyo.

"Mama, unaniumiza," akasema, sauti yake imekwenda mbali, kama anaongea ndani ya pipa. "Mama... bado?"

Kisha kimya.

Niseme wazi, niliogopa kugeuza shingo. Mtoto wangu yuko hatua moja nyuma yangu na mimi nimeganda natazama kisogo cha mume wangu. Mkanda ulinishika hivyo hivyo hadi tuliporudi uani na injini kuzimwa. Ukalegea wenyewe.

Yule mama alishuka wa kwanza. Akalizunguka gari mbio, akafungua mlango, akaingia hadi nyuma na kumtoa mtoto. Akamkumbatia muda mrefu. Mrefu mno kwa mtoto wa mtu. Nilipomnyang'anya, Chiriku alikuwa baridi na macho makavu, ananitazama kwa adabu, kama mgeni anayengoja kuambiwa wapi akae. Akakohoa kwenye bega langu.

"Amelewa gari tu," mume wangu akasema. Alishapenda gari, na mume wangu akishapenda hatoki. Wakapeana mikono. Yule mama hakubishania chochote. Alikuwa analia, na mume wangu akadhani anaaga gari lake.

Tulirudi na gari hilo hilo jioni ile. Kile kigari akakifuata kesho yake. Nilimpakata mtoto mbele, sikutaka hata kuvitazama vile viti vya nyuma. Tulipotoka getini tu...

Ti... ti... ti...

Nyuma kushoto. Mume wangu akasema ni waya. Nikatazama kwenye kioo. Mkanda wa kile kiti ulikuwa umefungwa, umekaza. Hakuna aliyeufunga.

Siku zilizofuata nyumba ilinyamaza. Mtoto alikula alichopewa, alilala alipolazwa. Nikamketisha nimsuke. Kichwa kile nakijua kuliko kiganja changu, ngozi ni ile ile, kovu la kuanguka jikoni lipo mahali pake. Lakini nilivuta, nikavuta kwa makusudi hadi ngozi ikainuka, nikingoja anilalamikie. Hakusema neno. Alikaa wima hadi nikamaliza. Mama mkwe alikuwa mlangoni anatazama. Akasogea, akaninong'oneza, "Huyo uliyemleta ni nani?" Nikamjibu vibaya, jibu ambalo mkwe hatakiwi kulitoa. Siku ile ile alianza kufunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo.

Gari nalo lilikuwa likiwashwa tu, kengele. Fundi umeme akakata waya mbele ya macho yetu. Ikalia. Akarudisha vifaa vyake kwenye boksi na hakutaka malipo.

Halafu yule mama akaja.

Ilikuwa jioni tena. Nilikuwa kibarazani namfumua mtoto, nusu ya kichwa imefumuliwa, nusu bado. Akasimama kwenye ngazi na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi. Sijasema karibu. Mtoto aliinuka kwenye kigoda, akanitoka mikononi kama maji, akaenda akamshika miguu.

"Mama," akasema. "Umechelewa."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu lile gari. Alilisema kwa sauti ya Chiriku.

Nilimrukia. Nilimshika yule mwanamke kanga ya shingoni na ningemuua, nasema kweli. Hakujitetea. Alinong'ona tu, macho yakiwa kwa mtoto.

Mwanawe aliugua kifua. Alimfunga mkanda yeye mwenyewe, wakakimbilia hospitali, na barabara ikajaa magari. Walipofika aliambiwa mtoto hayupo. Wakamzika. Lakini alipowasha gari kurudi kutoka makaburini, kengele ililia. Kiti kilisema kuna mtu. Akaenda kwa mganga, na mganga akamwambia mwanawe hakushuka, na hatashuka mpaka mwingine amkalie nafasi yake.

"Na wangu?" nikamuuliza.

Akatazama gari lililokuwa uani.

"Utamsikia. Ukikaa kimya utamsikia."

Sikumaliza kumsikiliza. Nilimbeba yule mtoto mzobemzobe hadi kwenye gari, nikamtupa kwenye kile kiti. Alilia akiniita shangazi. Akaniita shangazi kwa mdomo niliouzaa mimi. Nikamkandamiza, nikafunga mkanda, nikawasha. Kengele ikalia, ikalia, ikalia, na mtoto akakohoa hadi akatapika mapajani mwangu.

"Aliyeshuka hapokelewi tena," yule mama akasema akiwa nje ya dirisha. "Ungekuwa mimi, usingemjaribu mtoto wa mwingine?"

Nikazima injini. Alimfuta mtoto uso, akampa dawa yake, akaniambia vijiko na saa. Hawezi kumchukua, mtoto ana sura ya mwanangu, ataitwa mwizi wa watoto. Kwa hiyo huja. Hukaa kibarazani, anamtazama, anaondoka. Mume wangu anadhani ni mteja.

Nimejaribu kujikalisha mimi. Sitoshi, kiti kinataka mtoto, kengele inaendelea. Mama mkwe, Mungu ampe umri mrefu, alikuja mwenyewe usiku mmoja na magoti yake akakaa bila kuniambia kitu. Naye hakutosha. Wakubwa wangu wawili nimewapeleka kwa dada yangu, wamekasirika, hawajui kwa nini. Nimewapeleka kwa sababu nilijikuta nawatazama.

Jioni naingia kwenye gari peke yangu, nafunga vioo, naegemea kile kiti. Siwashi injini. Kwanza hakuna kitu. Halafu chini kabisa, kama mtu anaongea chumba cha tatu, naanza kumsikia. Anaongea mfululizo. Anagawa viti, baba hapa, bibi pale. Ananihadithia mambo, na katikati anauliza.

"Mama, bado?"

"Bado kidogo," namjibu. "Bado kidogo, mwanangu."

Mume wangu amechoka na kengele. Wiki hii ametangaza gari bila kuniuliza, akaweka namba yangu, maana anajua mimi ndiye mwenye mdomo. Nimekaa na simu nikiomba isiite. Nilishapanga maneno, nitasema limeuzwa, nitasema limeungua.

Leo imeita. Mwanamume, mchangamfu, anaomba radhi kwa kupiga jioni. Anataka gari kubwa, familia imeongezeka. Nyuma yake kulikuwa na katoto kanaongea, kanaongea, hakapumziki, na yeye anakanyamazisha huku anacheka.

"Samahani, dada. Huyu hajui kufunga mdomo. Eti, lina tatizo lolote?"

Nilikuwa nimekaa ndani ya gari. Nyuma yangu, kushoto, palikuwa pamenyamaza. Palikuwa panasikiliza.

"Kengele ya mkanda tu," nikasema. "Huwa inalia lia."

"Hiyo si kitu. Nije lini?"

Maneno niliyoyapanga niliyatafuta. Naapa niliyatafuta.

"Njoo nao watoto," nikamwambia. "Muone kama mtatosha."