Aliyemwaga Maji ya Moto

Nyani hawakuja siku ile. Kila mwaka, shule zinapofungwa mwishoni mwa Desemba, Mokrane huwapandisha nduguze milima ya Djurdjura kutembea kwenye theluji, na kila mwaka wakifika kwenye mierezi nyani huwazingira kudai chakula. Safari hii Mokrane alirusha kipande cha mkate wa shayiri, kikabaki pale pale juu ya theluji.

"Wameshiba," alisema mdogo wake, Lounis. "Wamekula watalii wa Algiers."

"Watalii wa Algiers ni wewe na mkeo."

Djouher, mke wa Lounis, alicheka nao. Alikuwa na duka la dawa mjini, na mwaka mzima aliisubiri safari hii: theluji ikilia chini ya buti, mashavu yakiwaka kwa baridi, hewa safi mpaka kifua kinauma.

Saa sita walifika chemchemini. Mokrane akawasha jiko dogo la gesi, akabandika birika.

"Shemeji, hapa maji ya moto hayamwagwi ovyo. Ukilazimika, taja jina la Mungu kwanza, uwape nafasi wasogee."

"Akina nani hao?"

"Wenyewe."

"Wakiungua waje dukani kwangu, nitawapunguzia bei."

Mokrane hakucheka. Aliondoka na Lounis kwenda kutazama bonde, wakamwacha na birika. Maji yalipochemka aliona masizi yakielea juu yake. Akayamwaga yote kwenye mdomo wa chemchemi, bila neno.

Chini ya theluji kitu kililia. Sauti nyembamba, kama ya mtoto aliyeshika chungu cha moto. Ikafuata harufu ya nywele zilizoungua. Djouher alisimama akisikiliza. Kisha akasukuma theluji kwa buti, akakifukia kitundu kilichoyeyushwa na yale maji, akajaza birika upya.

Wanaume waliporudi, Lounis alipiga magoti kwenye chemchemi kunywa kwa viganja, kama alivyozoea. Akabaki ameinama. Akakawia.

"Lounis?"

Aliinua uso. Maji yaliyomdondoka kidevuni yalikuwa yakifuka moshi.

"Nani amemwaga?" aliuliza.

Mokrane alimgeukia Djouher. "Shemeji, umemwaga kitu?"

"Mimi? Hapana."

Waliteremka haraka. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukameza mierezi mmoja baada ya mwingine, na ndani ya ukungu huo Lounis alitangulia kichwa wazi, koti limefunguliwa, na kila alipokanyaga theluji iliyeyuka mpaka mwamba mweusi ukaonekana, huku nyuma yao mwanamke akilia, hakaribii wala habaki nyuma, na wao wakisimama naye ananyamaza, lakini ananyamaza kwa kuchelewa kidogo, kama mtu ambaye hajali tena kujificha.

Nyumbani kwa mama yao, bi Ouerdia, Lounis alilazwa karibu na moto, akawa anatetemeka na kuwaka kwa wakati mmoja. Malengelenge yalimtoka mgongoni, mistari mirefu, kama mtu anamiminiwa birika polepole. Daktari alikuja, akamchoma sindano, akaondoka ameduwaa. Djouher alimpaka dawa mchana na jioni, na chini ya vidole vyake mwenyewe aliyahisi malengelenge mapya yakivimba.

"Umemfanya nini mwanangu?" bi Ouerdia alimnong'oneza mlangoni. "Miaka tisa nakuvumilia, wewe na usomi wako. Huko juu mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu, mama."

Siku ya nne, asubuhi, Mokrane alimleta shekhe Arezki, mshona viatu mwenye kikohozi kibaya. Aliomba chumvi, akaagiza milango yote ifunguliwe, akaweka kiganja kwenye paji la Lounis na kuanza kusoma Ayatul Kursi. Aliposoma mara ya tatu, Lounis alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke.

"Mwanangu ameungua uso."

Bi Ouerdia alishika ukuta.

"Huyu hakumwunguza," alisema Arezki. "Mwache."

"Huyu ndiye aliyeinama kwangu. Aliyemwaga aseme mwenyewe, nitamwacha. Asiposema, leo namalizia macho."

Arezki akawageukia. "Nani alimwaga?"

"Wallahi si mimi," alisema Mokrane.

"Ni mimi!" Bi Ouerdia alijitupa magotini. "Ni mimi, nichukue mimi!"

Lounis akacheka kwa kicheko kile cha kike. "Mwongo. Hukuwepo."

Djouher aliona ngozi ya chini ya jicho la mumewe ikianza kujaa maji, ikivimba, ikilisogelea jicho, na wakati huohuo alimwona mama mkwe wake pale sakafuni, akajua kwamba akifungua mdomo nyumba hii haitakuwa yake tena maishani, na kwamba asipofungua atamwongoza mume kipofu mpaka kaburini, na lengelenge likasogea tena, na likasogea tena.

"Ni mimi," alisema.

"Alilia," ilisema ile sauti ya kike. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikamfukia kwa theluji."

Arezki akakandamiza kiganja. "Umesikia ulichotaka. Toka kwa kidole cha mguu. Usiguse jicho, usiguse moyo. Toka!"

Ukucha wa mguu wa Lounis ulipasuka, damu ikatoka. Harufu ya nywele zilizoungua ilipita kati yao, ikatoka mlangoni, na theluji yote ya paa ikaporomoka uani kwa kishindo.

Lounis alifumbua macho, akaomba maji. Bi Ouerdia alimbusu mikono akilia. Djouher alisogea na kikombe, akapiga magoti kando ya godoro.

Lounis hakukipokea.

"Nilikuwa nasikia kila kitu," alisema. "Siku tatu ulinipaka dawa, Djouher. Siku tatu, na ulikuwa unajua."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Djouher alitamani ingekuwa ile nyingine.