Mama Haumwi Tumbo

Nyumbani kwao asubuhi iliendeshwa kwa amri za Kamanda, na Kamanda mwenyewe alikuwa na umri wa miaka saba. Kiatu cha kushoto kilitangulia cha kulia. Uji ulimiminwa kwenye bakuli la bluu, wala si jingine, hata kama hilo jingine lilikuwa safi zaidi. Mlango ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, ndipo safari ya shule ikaanza, kwa njia ileile ya nyuma ya karakana ya seremala. Siku waliyojaribu njia ya mkato, Kamanda aliketi katikati ya barabara, akaziba masikio na kulia mpaka wakarudi nyumbani kuanza upya.

Kamanda alikuwa na usonji. Daktari aliwaeleza kwamba hali hiyo haiambukizi wala haitokani na malezi mabaya. Ubongo wake uliipokea dunia kwa namna yake. Kelele ambazo wengine walizizoea zilimchoma, na mabadiliko ya ghafla yalimtisha. Dada yake, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Dada kwa sababu mdogo wake alimwita hivyo, aliyajua hayo yote na hayakumsumbua.

Lililomkera Dada lilikuwa jambo jingine. Mama alishona kola katika kiwanda cha mashati. Kwenye laini yao kila mtu alikuwa na kipande chake: huyu kola, yule mikono, mwingine vifungo, na shati lilipita kutoka mashine hadi mashine mpaka likamfikia mpiga pasi. Mmoja akiondoka, mashati yanarundikana mahali pake na laini nzima inakwama. Simu za wafanyakazi zilifungiwa kabatini getini. Zamu nazo zilibadilishwa bila kuulizana; unaondoka jioni unaambiwa kesho uingie mchana. Shule ya Kamanda ilipompigia Mama, simu iliita kabatini weee, hadi ikachoka. Ndiyo maana mara kwa mara Dada alitolewa darasani, na mara nyingi katika kipindi cha hisabati, akamchukue mdogo wake.

Mama alipohitaji ruhusa kazini, alisema anaumwa tumbo. Kamanda hakutajwa hata siku moja. Na Dada naye aliagizwa: mtu wa kiwandani akiuliza, sema tumbo.

"Kwani Kamanda ni tumbo?" Dada aliuliza siku moja, amekunja uso.

Mama hakuacha kukunja nguo alizokuwa akikunja. "Kule nilikokuwa mwanzo nilisema ukweli, mwanangu. Wiki hiyohiyo wakaniambia nikalee kwanza, nitarudi mtoto akishapona. Apone nini, ana mafua? Unataka nifukuzwe tena?"

Dada alichemka moyoni. Alikasirikia hao waliomfukuza Mama. Alikasirikia kabati la simu. Siku nyingine alimkasirikia hata Mama, kisha akajionea aibu.

Ikafika siku ambayo mafundi walikuja kutoboa ukuta wa shule ya Kamanda kwa mashine. Mwalimu wake alimpigia Mama, simu ikaita kabatini. Akapiga shuleni kwa Dada. Dada alimkuta mdogo wake chini ya meza, anajigonga kichwa. Hakumvuta wala hakumkemea. Alikaa sakafuni, akamwekea mapajani mkoba wake wa vitabu, kwa sababu uzito ulimtuliza, akasubiri. Kamanda alipotulia alitamka neno moja tu, "Mama", akalirudia njia nzima, na walipofika kona ya kwao akakataa katakata kukata kona. Basi Dada akampeleka kwa Mama, mpaka kwenye geti la kiwanda.

Mlinzi wa getini aliwahi kumwona Dada. "Umekuja kumchukua mama? Pole, mjukuu wangu. Yuko kwa muuguzi. Nasikia leo wanamwachisha kazi kwa ajili ya hilo tumbo lake."

Alimweleza kwamba msimamizi wa laini amechoka. Alikuwa amesema mtu anayeugua muda wote huo hafai kukaa kwenye mashine ya kola, naye anataka mtu mzima wa afya. Uongo wa kuilinda kazi ndio uliokuwa unaimaliza kazi. Dada alimshika Kamanda mkono, mlinzi akawapitisha.

Chumba cha muuguzi kilikuwa kidogo, kina kitanda kimoja na dirisha lililotazama uani. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nguo. Msimamizi alisimama mbele yake amefunga mikono kifuani. Mlangoni alikuwapo mwanamke mnene wa sauti nzito, mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye wenzake walimwita Mama Mikono kwa kuwa alishona mikono ya mashati. Alikuwa akimwambia msimamizi kwamba mgonjwa hutibiwa, hafukuzwi.

"Tumbo gani hili la ajabu?" msimamizi alisema. "Linaijua ratiba kuliko mimi. Nikibadilisha zamu tu, nalo linaanza."

Muuguzi alikuwa ameshampima Mama na hakuona ugonjwa wowote. Akamwomba kwa upole aonyeshe panapouma. Mama alitazama sakafu.

"Mama haumwi tumbo," Dada alisema. Alikuwa amesahau hata kuwaamkia.

Mama aligeuka, uso umempauka. "Mwanangu, nyamaza."

"Nisamehe, Mama, leo sinyamazi." Alimsogeza Kamanda mbele. "Huyu ni mdogo wangu. Ana usonji. Shule ikimpigia Mama, simu iko kwenye kabati lenu. Mkibadilisha zamu, hana wa kumpokea, natolewa darasani mimi. Mama aliogopa kusema kwa sababu aliposema kwingine alifukuzwa. Na nyinyi mnataka kumfukuza bila hata kujua."

"Kumbe ametudanganya siku zote hizi," msimamizi alisema. "Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi. Hapa ni kiwandani, si chekechea."

Kabla hajajibiwa, king'ora cha mapumziko kikalia uani. Kamanda alipiga yowe, akaanguka chini, akaanza kujigonga. Muuguzi alikimbilia dirisha akalifunga. Dada alimziba masikio mdogo wake, naye Mama alishuka kitandani akamkumbatia kwa nguvu sakafuni pale pale.

"Mtoto gani huyu hana adabu?" msimamizi aliuliza, amerudi nyuma hadi ukutani. "Mchapeni kidogo, atanyamaza."

Ndipo Mama alipoinua uso. Dada hakuwahi kumwona na macho yale.

"Mwanangu hachapwi kwa kuumia," alisema. "Kudanganya nilidanganya, na kosa hilo ni langu. Lakini huyu mtoto si kosa, na sitamficha tena. Kama ni kufukuzwa, nifukuze kwa ajili ya kweli."

Mama Mikono hakumpa msimamizi nafasi ya kujibu. Alimkumbusha kwamba wanaonyonyesha hutoka kila siku na wenzao huwashonea, na laini haijafa. Alimkumbusha pia mashine ya vifungo iliyosumbua mwezi uliopita. "Mashine ikikwama tunaiitia fundi na kuisubiri, wala huipigi kelele. Mama wa watu akikwama unamwonyesha geti. Twende kwa meneja."

Wakaenda wote. Meneja alianza na habari za sheria za kiwanda, na Mama Mikono akamjibu kwamba hawakuja kuomba huruma. Mama alieleza mwenyewe anachohitaji: zamu moja ya asubuhi isiyobadilika, na mtu wa kumwita shule ikipiga simu. Mama Mikono alisema yeye kola anaziweza, atazishona Mama akitoka, na Mama atamlipa kwa kumshonea mikono. Mshona vifungo, aliyekuwa akisikiliza dirishani kama vile anapita, alisema yeye hupenda zamu ya mchana, hata milele, basi Mama abaki na ya asubuhi.

Kisha mtu akakohoa mlangoni. Alikuwa mpakizi wa maboksi, ambaye kiwanda kizima kilimjua kwa kufiwa. Alikuwa amezika mashangazi wengi hata wenzake wakawa wanamtania kwamba babu yake alizaa kijiji.

"Meneja," alisema, "wale mashangazi wangu wote wazima. Binti yangu hajaanza kuongea. Huwa nampeleka kwa mtaalamu."

Meneja alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliuliza kama wapo wengine. Wawili watatu walitazama viatu vyao.

Haikuisha siku hiyo. Mama alipewa onyo kwa kudanganya, akalipokea bila kulalamika. Lakini kazi haikuondoka, na baada ya vikao vilivyomkausha Mama Mikono koo, mambo yakabadilika. Wenye watoto wanaohitaji uangalizi wa pekee walipangiwa zamu moja. Shule zilipewa namba ya getini, na simu ikiita, mlinzi anamtafuta msimamizi mwenyewe. Naye, uso umekunjamana kama shati kabla ya pasi, anapita kwenye laini akisema, "Kola, shule wanakuita." Hakupenda, lakini alisema.

Siku ya mapumziko Mama Mikono aliwatembelea. Alipewa chai kwenye kikombe chochote isipokuwa cha bluu, kwani hicho nacho kilikuwa cha Kamanda. Dada, ambaye sasa alikuwa hakosi hisabati, alimuuliza jambo lililomsumbua: je, alimwaibisha Mama siku ile?

Mama alitaka kujibu, machozi yakamlengalenga. Mama Mikono akamjibia.

"Hukumwaibisha. Mama yako alificha kwa hofu, na hofu hiyo alitiwa na watu waliomwadhibu kwa kusema kweli. Kwa hiyo yashike yote mawili, binti yangu. Ukiwa na mzigo, useme ni mzigo gani. Ukiuita tumbo, watu watakuletea dawa ya tumbo. Na siku ukiwa wewe ndiye msimamizi, mtu akija kukuambia ukweli wake, usimfanye ajute kuusema."

Akainuka kuaga, akatoka, akafunga mlango. Kutoka ndani ikasikika sauti kali ya Kamanda. Mama Mikono alifungua mlango, akaufunga tena, ndipo akaruhusiwa kwenda zake.