Jukwaa Lililopakwa Rangi

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi kumi na mmoja wa kikundi cha maigizo walivuka barabara na kwenda kwenye ukumbi wa utamaduni wa mtaa wao. Hawakuingia ndani. Walifanyia mazoezi uani, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine ya fundi ilipoanza kunguruma, waigizaji walinyamaza wakasubiri. Ndiyo maana mfalme wa mchezo wao alizoea kufa mara mbili. Mara ya kwanza hakuna aliyemsikia, na mara ya pili ndipo malkia alipopata nafasi ya kulia.

Malkia huyo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Wenzake walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye na mama yake waliishi nyumbani kwa mjomba wake, na mjomba huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi.

Ijumaa moja Mjomba alikuja uani mbiombio, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Kaeni chini wote," alisema. "Jumatano tunapata wageni. Kamati ya bunge inazunguka mitaani kuona kama msaada wa serikali kwa mambo ya utamaduni unawafikia wananchi. Watauliza maswali."

"Watatuuliza sisi?" Chiriku aliuliza.

"Ninyi hasa. Haya, mnafanyia wapi mazoezi?"

"Hapa uani," alijibu Punje, msichana mdogo kuliko wote, aliyeigiza kama tarishi wa mfalme.

"Siyo uani! Ndani, jukwaani, kila Ijumaa. Semeni!"

"Ndani, jukwaani, kila Ijumaa," waliitikia kwa pamoja, kama wanaokariri jedwali la kuzidisha.

Kesho yake Mjomba alimchukua Chiriku wakafanye usafi ukumbini. Chiriku hakuwa ameingia humo tangu mvua za mwaka uliopita. Hewa ilinuka ukungu. Kwenye dari kulikuwa na doa kubwa la kahawia, na chini yake palikuwa na jukwaa. Mjomba alikuwa ameshalipaka rangi nyekundu inayong'aa. Chiriku alipanda ngazi ya kwanza, akakanyaga ubao wa mbele. Kisigino chake kilididimia kama kwenye tope.

"Shuka!" Mjomba alimkemea.

"Mjomba, mbao hizi zimeliwa na mchwa."

"Najua. Ndiyo maana Jumatano mtaigiza hapa chini, mbele ya jukwaa. Hakuna atakayepanda."

"Kwa nini tusiwaambie tu kwamba limeoza?"

Mjomba aliweka brashi juu ya kopo la rangi, akajifuta mikono polepole.

"Sikiliza, mwanangu. Kila baada ya miezi mitatu najaza fomu. Inauliza hali ya ukumbi: nzuri, ya wastani au mbaya. Aliyekuwa hapa kabla yangu aliandika mbaya. Wakubwa wakasema mbaya ni yeye, wakamwondoa. Mimi naandika nzuri. Sasa nikisema jukwaa lilioza tangu mwaka juzi, si nitaitwa mwongo? Na nikiondolewa, wewe na mama yako mtakula nini?"

Chiriku aliokota ufagio, akaanza kufagia.

Jumapili alimweleza mama yake huku wakikamua shuka, kila mmoja ameshika upande wake. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Tuko chini ya paa lake," alisema. "Na yeye ni kaka yangu. Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Jumatano itapita."

Jumatano ilifika. Magari mawili yalisimama mbele ya ukumbi, wakashuka wabunge watano pamoja na katibu wao aliyebeba mwavuli na daftari nene. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Aliwasalimia wanafunzi mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, kisha akaketi na kufungua faili lake.

"Nani atanieleza habari za kikundi chenu?"

Macho yote yalimgeukia Chiriku. Alisimama. Pembeni, Mjomba alikuwa akizungusha shada la funguo kidoleni, chwa, chwa, chwa.

"Mnafanyia wapi mazoezi, binti?"

"Ndani, mheshimiwa. Jukwaani. Kila Ijumaa."

"Na jukwaa ni zima?"

"Ni... zima, mheshimiwa."

Mwenyekiti aliandika. "Nimefurahi kusikia. Tuna orodha ya kumbi zinazohitaji matengenezo, na nafasi ni chache. Kwa kuwa huu wenu hauna tatizo, tutawapa wengine."

Chiriku alikaa. Alimtazama mjomba wake, lakini mjomba alikuwa anatazama sakafu.

Mchezo ulipotaka kuanza, mbunge mmoja mrefu mwenye miwani aliinua mkono. "Sisi tuliokaa nyuma hatuoni kitu. Watoto, pandeni jukwaani."

"Hapo chini panatosha, mheshimiwa," Mjomba alisema haraka.

"Panatosha vipi? Jukwaa lipo kwa kazi gani? Pandeni, wanangu, pandeni!"

Watoto walimtazama Mjomba. Aliinamia funguo zake. Basi wakafanya kama watoto wanavyofanya wanapoamriwa na mgeni mkubwa: wakaanza kwenda. Punje, ambaye ndiye hutangulia kuingia katika mchezo, alikimbia mbele ya wote. Aliruka ngazi ya kwanza, akaruka ya pili, mguu ukawa hewani kuelekea kwenye ule ubao mwekundu.

"Punje, rudi! Mbao zimeoza! Msipande!"

Sauti ya Chiriku iligonga kuta zote nne. Tayari alikuwa amemshika Punje mkono na kumvuta, wakaanguka wote wawili chini ya ngazi, goti la Chiriku likachubuka.

Katibu wa kamati alisogea, akauinua mwavuli wake uliofungwa, akauchomeka kwenye ubao wa mbele. Ncha ilipenya bila shida hata kidogo. Alipouchomoa, kipande cha ubao kilimeguka, na mchwa wakamwagika juu ya rangi mpya.

Mwenyekiti alisimama. "Binti, punde hivi umeniambia jukwaa ni zima."

"Nilidanganya, mheshimiwa." Machozi yalimlengalenga, lakini aliendelea. "Tunafanyia mazoezi uani. Humu hatujaingia tangu mwaka jana. Dari inavuja. Naomba unisamehe."

"Nani aliyekufundisha kusema ulivyosema?"

Chiriku alikitazama kidonda chake gotini. Angewezaje kumnyooshea kidole mtu aliyemlisha na kumsomesha? Nje, mashine ya fundi wa vyuma ilinguruma, ikanyamaza.

"Ni mimi," ilisikika sauti ya Mjomba. Alisogea mbele, funguo zimetulia mkononi. "Mtoto hana kosa. Niliwafundisha wote. Na zile fomu, mheshimiwa, nilizijaza mimi. Miaka miwili nimeandika nzuri."

"Miaka miwili!" Mwenyekiti alifungua faili, akatoa karatasi zilizobanwa pamoja. "Ninazo hapa. Kila tulipouliza, mlijibu nzuri. Sisi tukaamini msaada umefika na umefanya kazi. Ndugu msimamizi, nani atampelekea dawa mtu anayesema haumwi?"

Mwenyekiti alimwamuru Mjomba afunge jukwaa kwa kamba, kisha akamtaka afike mbele ya kamati juma lililofuata, na taarifa ya kweli mkononi.

Siku mbili zikapita Mjomba hasemi na Chiriku isipokuwa "niletee maji" na "funga mlango". Mama alionekana kama anayesubiri kufukuzwa. Siku ya tatu, Mjomba alirudi kutoka kazini mapema, akaweka karatasi tupu mezani na kumwita Chiriku.

"Kaa hapa. Wewe una macho mazuri. Nitajie kila kibovu ulichokiona, nami nitaandika. Usinihurumie."

Waliandika mpaka karatasi ikajaa pande zote mbili.

Kamati haikumwacha hivihivi. Alipewa onyo kali la maandishi na kuondolewa kwenye usimamizi. Akabaki mtunza funguo tu. Usimamizi ulikabidhiwa kwa wakazi saba wa mtaa, na wanafunzi wawili wakapewa haki ya kukagua ukumbi pamoja nao kila muhula. Lakini kamati haikuishia hapo. Ilituma wahandisi kwenye kumbi zote zilizoandikwa kuwa nzuri, wakakuta nyingine nne zilizooza hivyohivyo, na wasimamizi wake walikuwa na hofu ileile. Wabunge wakaagiza kwamba msimamizi atakayeeleza ubovu wa jengo lake asiadhibiwe kwa kuueleza. Ukumbi wa akina Chiriku uliingizwa kwenye orodha.

Mafundi seremala walifanya kazi majuma sita. Dari ilibadilishwa, na jukwaa likajengwa upya kwa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Siku ya kwanza ya kuingia, Mjomba alifungua mlango, akapanda peke yake, akarukaruka katikati ya jukwaa kwa uzito wake wote. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu.

Aliposhuka, aliketi kwenye ngazi akawaita.

"Nimewaomba radhi wazazi wenu," alisema. "Leo nawaomba ninyi. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Niliijua methali hiyo tangu nikiwa darasani, na bado nilikuwa tayari kumwona Punje akipanda, mdomo wangu umefungwa. Nilijiambia naulinda ukumbi. Kumbe nilikuwa nalinda jina langu. Mkiona kitu kimeoza, semeni mapema, hata kama aliyekificha ni mtu mnayempenda. Mkichelewa, kitasemwa na mtoto aliyevunjika mguu."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Haya, malkia. Mfalme anakungoja afe."

"Leo atakufa mara moja tu," Chiriku alisema, akapanda jukwaani.