Aliyekuwa Akimwamsha Mlinzi

Fundi hajapata kujua kwa hakika ni nani aliyekuwa akimwamsha mlinzi, na siku hizi hata haulizi.

Ilianza asubuhi ya kawaida, foleni ya dawa imefika getini. Kompyuta ya zahanati iliwaka vizuri, ila ukurasa wa wagonjwa haukuweza kuifikia hifadhidata. Skrini iliandika: "Muunganisho umekataliwa." Fundi alijua chanzo. Mfumo endeshi ulikuwa umesasishwa jana yake, na ndani yake mna ulinzi usioruhusu programu moja kuzungumza na nyingine bila kibali. Mafundi huuita mlinzi. Akamzima. Kazi ikaendelea.

Mkewe asingekubali. Enzi za uhai wake ndiye aliyeitunza mashine ile, na akikuta ulinzi umezimwa alikuwa akisema, "Mume wangu, ufunguo ukikwama ndiyo unang'oa mlango?"

Saa ya chai, mlinzi alikuwa macho tena na ukurasa umekatika. Fundi akamzima. Mchana akaamka. Fundi akafungua kumbukumbu za mashine aone nani aliyetoa amri.

Akaunti ya mkewe.

Aliifuta mwenyewe wiki ile ya mazishi, machozi yakidondokea kibodi. Akaitafuta. Haikuwemo. Akamzima mlinzi, akangoja. Mlango umefungwa. Kibodi haikuguswa. Mlinzi akaamka, na fundi akahisi shingoni pumzi ya mtu anayesoma skrini kutoka nyuma.

Hakugeuka.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Tangu hapo akawa anamzima makusudi, kila asubuhi, ili mkewe aje. Tiba aliijua: kumwacha mlinzi macho na kutoa kibali kimoja tu, kwa ukurasa ule na hifadhidata ile. Mkewe ndiye aliyemfundisha. Lakini mambo yakikaa sawa, atarudi kufanya nini?

"Shemeji." Mfamasia, mdogo wa marehemu mkewe, alisimama mlangoni. "Kuna mama nje na mtoto wa kifafa. Dozi yake siioni. Nikisie?"

"Nipe muda kidogo."

"Kidogo hicho tangu Jumatatu?" Akasogea, akaona jina la dada yake kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Unajua kulitengeneza hili?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Najua. Ila ataondoka."

"Hata mimi namtaka, shemeji. Lakini mtoto anatetemeka pale nje. Dada angetuchapa makofi sote wawili."

Wakakubaliana. Fundi akaandika amri ya kibali, herufi moja moja, kisha kidole kikagoma juu ya kitufe. Mfamasia ndiye aliyebonyeza.

Majina ya wagonjwa yakajaa kwenye skrini. Kando ya fundi, kwenye kiti kitupu, mto uliokuwa umebonyea ukaanza kuinuka. Taratibu. Mpaka ukawa sawa.