Cherehani Iliyopima Mbio

Wiki ya Uhuru, mwalo wa Kirumba ulijaa watu kuliko samaki. Mitumbwi ilipakua sato na furu, wachuuzi waligombea bei, na kila mwenye mkono mtupu alitafuta bendera ya kupeperusha. Katikati ya msongamano huo alipita Mboni binti Mbaruku, furushi la bendera kichwani. Alivaa gauni la buluu na kanga mpya ya njano, na alitembea polepole kama mtu anayejua kwamba akianguka mwaloni atasemwa mwaka mzima.

Hakuanguka. Aliangushwa.

Kijana mmoja alitokea mbio nyuma ya vichanja vya dagaa, peku, kifua wazi, akiruka makapu ya watu. Kapu la mwisho lilimshinda. Yeye na Mboni walikwenda chini pamoja, furushi likafumuka, na bendera za nchi mpya zikatandaa juu ya magamba ya samaki.

"Unakimbizwa na nani?" Mboni alifoka. "Umeiba?"

"Sikuiba, dada. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kuua watu?"

"Ya mbio za maili moja." Alikuwa ameshapiga magoti, akiokota bendera moja moja. "Nisamehe. Nitazifua zote."

"Zitanuka dagaa mpaka tupate Uhuru wa pili."

Kijana alijaribu kujizuia kucheka, akashindwa. Mboni alitaka kumtukana. Badala yake aliona meno yake, meupe kama yamepangwa kwa uzi, na tusi likampotea.

Jina lake lilikuwa Mihayo. Alitoka Mkolani na alibeba marobota katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Mchana wote alifua bendera nyumbani kwa akina Mboni, mbele ya ziwa, juu ya jiwe la kufulia la shangazi Bimdogo. Jiwe hilo pana lilikaa pale mchanga ulipokoma na maji yalipoanza, na hakuna mtu pale nyumbani aliyelikumbuka mahali pengine.

"Kijana," Bimdogo alimwambia, "hiyo ni nguo ya taifa, siyo gunia la pamba. Sugua kwa adabu."

"Nasugua, shangazi."

"Shangazi yako nani? Umeshakuwa wa humu?"

Mboni alijificha nyuma ya mlango, akicheka ndani ya kanga yake.

Mihayo alirudi kesho yake bila kuitwa, na keshokutwa. Siku ya nne Mboni alimkuta ameketi juu ya jiwe, miguu majini, akimweleza Bimdogo habari zake. Desemba ijayo kungekuwa na michezo mikubwa mjini. Watakaotangulia katika maili moja wangechukuliwa na jeshi la polisi kwenda Dar es Salaam, wapewe sare, mshahara na nyumba.

"Na utajuaje kama unaendelea au unarudi nyuma?" Mboni aliuliza.

"Kifua changu kitaniambia."

"Kifua cha mwanamume husema anachotaka kusikia."

"Basi nipe saa."

"Saa sina," alisema Mboni. "Nina cherehani."

Alikuwa fundi wa kurithi. Baba yake, Mzee Mbaruku, alimfundisha kuzungusha cherehani ya mkono kwa mwendo mmoja usiobadilika, kwa sababu mkono ukisita mshono hujikunja. Mzee alizoea kujisifu kwa wateja: "Mkono wa binti yangu ni saa. Haukimbii, haulali." Mboni alilikumbuka neno hilo, akapata wazo.

Mihayo alipima kwa hatua kutoka nguzo ya baraza hadi kwenye maji. Kwenda na kurudi mara kumi, alisema, kulitimiza maili. Jumamosi alfajiri, kabla ya kazi, alisimama kwenye nguzo. Mboni aliketi barazani, kitambaa kirefu cha amerikani chini ya sindano. "Nenda!" alisema, na papo hapo akaanza kuzungusha. Mihayo alikimbia hadi akakanyaga maji, akageuka, akagusa nguzo, akaenda tena. Alipogusa nguzo mara ya mwisho, Mboni aliachia mkono. Mshono mweusi ulikuwa umekimbia juu ya kitambaa cheupe kuanzia begani kwake hadi nje ya ncha za vidole.

"Hiyo ndiyo mbio yangu?" Mihayo aliuliza, akihema.

"Hiyo ndiyo. Ndefu kama mkia wa kenge."

Jumamosi iliyofuata alishona mstari mwingine chini ya ule wa kwanza, ukianzia mahali pale pale. Ukatoka sawa. Wiki baada ya wiki mistari ilipangana. Mihayo alipougua homa, mstari ulirefuka, na Mboni akautia fundo la uzi mwekundu pembeni ili wasije kusahau sababu. Alipopona, ulirudi. Kisha mistari ilianza kufupika. Mwanzo ilifupika kwa upana wa ukucha, halafu kidole, halafu vidole viwili. Ukikitandaza kitambaa, ulikiona kikishuka upande wa kulia kama ngazi.

"Unaona?" Mihayo alisema, akipitisha kidole juu ya ngazi ile. "Hapa nilikuwa mbeba marobota. Hapa naanza kuwa mtu."

"Hata pale juu ulikuwa mtu."

"Pale juu baba yako asingenikaribisha chai."

"Hata sasa hajakukaribisha, mpenzi. Unakunywa ya shangazi."

Mvua za mwaka ule zilikuja na hazikujua kuondoka. Ziwa lilipanda. Wazee wa Kirumba walilitazama wakasema ziwa hupanda na ziwa hushuka, limeanza leo? Bimdogo peke yake alilalamika.

"Jiwe langu linazama. Nafua na maji yamenifika magotini."

"Tafuta jiwe jingine, shangazi," Mboni alijibu bila kuinua macho kwenye kazi.

Mihayo alimtuma mjomba wake, Mzee Maige, kupeleka posa. Mzee Mbaruku alimsikiliza mpaka mwisho, kofia yake ikiwa gotini.

"Dini amesema ataingia," alisema. "Nimefurahi. Kazi ataingia lini?"

"Desemba, Inshallah. Akishinda mbio, ni askari."

"Basi na jibu langu ni Desemba. Lakini sikufichi, ndugu yangu. Salum, mfanyabiashara wa ngozi wa Bukoba, naye ameleta neno. Asiposhinda kijana wako, binti yangu hatakaa barazani akisubiri miguu ya mtu."

Mboni aliyasikia hayo kutoka uani. Tangu siku hiyo kila mshono uliofupika ulikuwa kwake hatua moja ya kumkimbia Salum. Usiku hakuota sare wala Dar es Salaam. Aliota kitambaa.

Siku ya michezo, wakati wa sherehe za Jamhuri, uwanja ulifurika. Mihayo alivaa fulana nyeupe aliyoshonewa na Mboni na bukta ya kijani. Bunduki ilipolia alichomoka kama mtu anayejua kitu ambacho wenzake hawakijui. Aliwaacha. Watu walisimama. Bimdogo alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Mboni alishika ukingo wa kanga, mkono wake wa kulia ukizunguka hewani wenyewe, kwa mwendo ule ule.

Ndipo mkono, kwa hesabu ya mizunguko, ukapita mahali mshono wa mwisho ulipoishia, na Mihayo alikuwa bado mbali na mwisho.

Mabega yake yalipanda. Miguu ikawa mizito. Mmoja akampita, kisha watatu kwa pamoja, kisha wote waliobaki. Alimaliza wa mwisho, akatapika kwenye nyasi. Watu wa pembeni waliocheka walikuwa wachache, lakini Mboni aliwasikia wote.

Jioni Mihayo alifika barazani. Hakuketi.

"Lete kitambaa."

Mboni akakileta. Mihayo alikitandaza juu ya meza ya kukatia, akapitisha kidole juu ya ngazi ile.

"Ulinihurumia," alisema.

"Unasema nini?"

"Mkono wako. Ulikuwa unauzungusha polepole ili mshono uwe mfupi. Ulitaka nifurahi."

"Mihayo, mkono wangu haujui kupendelea mtu."

"Basi nani alinidanganya? Nilikimbia kwa mwendo wa kitambaa hiki! Nilikiamini kuliko kifua changu."

Mboni alijua mkono wake haukusita. Alijua pia kwamba mishono ile ilikuwa ya uongo, kwa kuwa aliiona ikivunjika uwanjani. Mambo hayo mawili hayakukaa pamoja; akaanza kukikunja kitambaa, na kukunja huko kukawa kama ungamo.

"Ungeniambia ukweli mapema," Mihayo alisema kwa sauti ndogo, "ningejifunza kukimbia kama mtu mwenye pumzi chache. Labda ningewahi. Sasa nimekupoteza kwa huruma yako mwenyewe."

"Niite jina lolote," Mboni alisema, machozi yakimtoka. "Usiniite fundi mwongo."

Mihayo aliondoka. Wiki haikuisha, alivuka ziwa kwenda Kamanga na kupata kibarua cha kupakia pamba upande wa Sengerema. Mzee Mbaruku hakugomba wala hakusimanga. Alimpelekea Salum jibu, mahari ikapokelewa mbele ya wazee wa msikiti, na ndoa ikapangwa baada ya mfungo.

Mboni alishona nguo za harusi yake mwenyewe. Mvua ziliendelea. Asubuhi moja Bimdogo alirudi kutoka ziwani, amelowa hadi kifuani, ndoo mkononi.

"Nimekwenda kulisalimu jiwe langu," alisema, meno yakigongana. "Limebaki mbali huko, kama mgonjwa wa kutengwa. Utadhani lilitembea."

Mboni aliacha kuzungusha cherehani. Aliinuka, akatoka nje, akasimama kwenye nguzo. Alitazama maji, kisha akatazama mbele zaidi, mahali Bimdogo alipochomeka kijiti kuonyesha jiwe lililozama. Kati ya kijiti na ukingo wa maji palikuwa na hatua nyingi. Hapo zamani hapakuwa na hata moja.

"Shangazi," alisema polepole, "jiwe halikutembea."

Alirudi ndani, akakitoa kitambaa sandukuni. Ngazi ile sasa aliisoma upya. Mihayo alikuwa akikimbia hadi aguse maji, na kila Jumamosi maji yalimjia karibu zaidi. Mkono ulikuwa wa kweli na miguu ilikuwa ya kweli. Ziwa ndilo lililokuwa likifupisha njia, mbele ya macho yao wote, na wao wakalipigia makofi.

Kijana wa boti, Shimba, alipokwenda Kamanga alibeba ujumbe wa maneno tu: "Mwambie Mihayo mkono wangu umepata shahidi."

Alikuja. Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa na nyuzi za pamba mabegani. Mboni alimwelekezea kijiti.

"Jiwe ulilofulia bendera liko pale chini."

Mihayo alikunja suruali, akaingia. Maji yalimpita magoti, yakampita kiuno. Aliposimama juu ya jiwe aligeuka kuitazama baraza, na Mboni aliona uso wake ukielewa.

"Mboni!" aliita kutoka majini. "Nilikuwa nashindana na nani, basi?"

"Na mtu anayekuja kukulaki."

Alicheka, kisha akafunika uso kwa mikono yake iliyolowa.

Walipima kwa kamba kutoka nguzo hadi jiwe, wakaihamishia kamba hiyo barabarani, mbali na maji. Bimdogo aliketi mlangoni ili asiwepo wa kusema walikuwa peke yao. Mihayo alikimbia mara kumi kwenda na kurudi, maili halisi, na Mboni akazungusha cherehani. Mshono ulipokoma waliulinganisha. Ulikuwa mfupi kuliko ule wa kwanza kwa upana wa kidole kimoja.

"Kidole kimoja," Mihayo alisema. "Mwaka mzima."

"Lakini ni chako. Ziwa halimo."

"Ningeshinda kwa hiki?"

"Usingeshinda," Mboni alimjibu. "Ungekuwa wa nne au wa tano. Usingetapika."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayepokea sadaka ndogo kwa heshima. "Nisamehe. Niliitilia shaka kazi ya mikono yako."

"Nimeshasamehe tangu ulipokuwa majini."

"Na baba? Nikimwendea leo, nikamweleza?"

Mboni alitazama nguo nyeupe iliyoning'inia ukutani. "Ametoa neno mbele ya watu, na mahari imeliwa. Nikilivunja, haendi tena msikitini kwa aibu. Namjua. Ndoa ni Ijumaa, Mihayo."

Hakumwomba zaidi. Mboni alichukua mkasi wake na kuukata mshono wa mwisho, ukanda mwembamba, akauviringisha, akamtia mkononi.

"Huu ni wako. Ndio wa kweli."

"Na hiyo mingine?"

"Naibakiza mimi."

"Ni ya uongo, mpenzi."

"Najua. Lakini kila mmoja ulikurudisha kwangu mapema kuliko uliotangulia."

Boti ya Kamanga ilipiga honi. Mihayo alimuaga Bimdogo kwa mara ya mwisho, akaenda, akitembea, hakukimbia. Mboni alirudi kwenye cherehani na nguo yake ya harusi. Nje, maji yalikuwa yamesogea tena kidogo kuelekea ngazi ya baraza. Alishika mpini, akaanza kuzungusha. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu afundishwe kazi, mshono wake ulijikunja.