Yeyote Aliye Karibu

Kwenye ramani ya simu ya Paskalia, kila mwokoaji wa kujitolea alionekana kama kitone cha kijani chenye jina. Siku lilipotitia duara moja, shimo la wachimbaji wa dhahabu nje kidogo ya Geita, kilitokea kitone kisicho na jina. Paskalia akalaumu mtandao, maana siku hizi mtandao ndio unaobebeshwa kila lawama.

Mwita, mmoja wa waokoaji, akampigia kutoka machimboni.

"Dada, yule uliyemtuma ni nani?" Alinong'ona. "Tumemkuta kashafika. Kavuta watu, hakusema neno. Na ananuka udongo wa chini kabisa, ule usioona jua."

"Sikumtuma mtu mimi. Niliandika kama kawaida: Yeyote aliye karibu, aje."

Ndiyo ilikuwa kazi yake, kuita. Duara likititia, mtumbwi ukipinduka ziwani huko Nkome, ujumbe ulitoka katika chumba chake cha kupanga na watu wakakimbia. Lakini katika wote waliokimbia kwa neno lake, hakuna aliyewahi kugonga mlango wake kumjulia hali. Alikuja Masalu tu, mdogo wake, mchimbaji mwenye maneno mengi, akala mpaka sufuria ikaomba msamaha. Upweke ulimuuma Paskalia, tusidanganyane. Kuna siku alitamani itokee ajali ili asikie sauti za watu, kisha akajionea aibu.

Kitone kile hakikuondoka. Kila alipoita, kilitangulia kufika. Asipoita, kilikaa palepale juu ya maduara yaliyoachwa, hakitikisiki. Akaenda kumweleza jirani yake Bibi Lusia, mganga, aliyeacha kutwanga dawa ili asikilize vizuri.

"Mayu, mama yangu, mtu huitwa kwa jina lake," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Ukisema yeyote, hata asiye mtu anasikia."

"Sasa nifanyeje?"

"Usimwite tena. Asipoitwa hana njia."

Tangu hapo Paskalia aliita watu kwa majina, na kitone kikatulia.

Mpaka alasiri moja ya mvua, alipopigiwa simu kwamba duara la Masalu limetitia, matimba yanayoshikilia kuta yamevunjika, na Masalu yuko chini. Alimwita Mwita kwa jina, Mwita akajibu yuko Nkome, anakuja ila barabara ni tope. Wengine walikuwa mbali, Buseresere. Aliyekuwa jirani kabisa na duara lile ni mmoja tu, na hakuwa na jina. Paskalia alilia, akamwomba Mungu amsamehe, lakini damu ni nzito kuliko maji. Akaandika: Yeyote aliye karibu, aje.

Kitone kikaanza kusogea, polepole, kikafika juu ya duara na kusimama hapo muda ambao hakuweza kuupima kwa hofu, kisha kikatoka, kikashika njia ya mjini, kikapita stendi, kikapita soko, kikaingia mtaa wake, na harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango kabla hajasikia hatua zozote nje, na mlango ukagongwa.

Alikuwa Masalu, mzima, katapakaa tope.

"Marahaba!" Paskalia alidakia huku analia kwa furaha, na ndipo alipogundua kwamba hakuwa ameamkiwa.

Akampa kigoda. Akampakulia ugali na dagaa. Mgeni akala taratibu bila kupepesa macho. Simu ikaita.

"Dada Paskalia," Mwita alisema. "Upo na mtu hapo?"

"Nipo naye."

"Basi kaa chini. Tumemfikia Masalu. Alikuwa ameshafariki, dada. Pole sana."

"Una hakika, Mwita?"

"Nimemfumba macho kwa mkono wangu."

Paskalia alimtazama aliyekaa kwenye kigoda. Naye akamtazama, kwa macho yaleyale ya mdogo wake, akasogeza sahani mbele kama Masalu alivyozoea kufanya akitaka kuongezwa. Bibi Lusia alikuwa nyuma ya ukuta tu, na ukelele mmoja ungetosha.

Paskalia akazima simu. Akafunga komeo kwa ndani, akarudi kwenye sufuria, akamwongezea mchuzi.