Mguu Uliouma, Mgongo Uliosahauliwa

Cherehani ilikuwa kimya. Fundi aliketi mbele yake, sare za shule zimerundikana mezani, mguu wa kulia ameunyoosha sakafuni. Maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka nyuma ya paja hadi unyayoni. Kiuno kilipoacha kuuma, alikisahau. Akahangaika na mguu tu. Akauchua, akaufunga kitambaa, akauloweka maji ya moto.

"Mke wangu, mguu huo umeukanda kuliko unga," mumewe, mpaka rangi wa nyumba, alimtania. "Twende hospitali."

"Nimeshauzoea."

Uongo mtupu. Alikuwa amekata tamaa, na akiwa peke yake alilia.

Siku hiyo alimimina maji kwenye beseni, akatumbukiza mguu. Mumewe akaja kumsaidia kuukanda. Alipogusa maji akaruka.

"Toa mguu! Unajipika!"

Fundi akautoa. Ngozi ilikuwa nyekundu, imeanza kuvimba. Mguu uliomnyima usingizi haukuusikia moto! Hapo akakubali kwenda hospitali.

Hospitalini daktari alimwambia ainue kidole gumba cha mguu. Hakikuinuka. Kisha akaanza kumpima mgongo.

"Daktari, kinachouma ni mguu," Fundi alisema.

"Najua, mama. Wataalamu walichunguza miili ya waliofariki, wakaifuata mishipa ya fahamu mmoja mmoja. Wakaona mshipa wa mguu unatoka kwenye uti wa mgongo. Kati ya pingili za uti kuna vipande laini. Kimoja kikichomoza, kinaubana mshipa. Unabanwa kiunoni, unaumia mguuni. Ndiyo maana tunatibu kiuno."

Fundi aliinamisha kichwa. Wanagenzi wake aliwaambia kila siku: mshono ukiharibika, msilaumu sindano tu, fuateni uzi mpaka unakotoka. Mguu wake mwenyewe hakuufuata.

"Nitapona?"

"Wengi hupona bila kupasuliwa. Hutumia dawa, hufanya mazoezi, hawalali kitandani kutwa. Lakini mguu ukifa ganzi au ukilegea, usikae nyumbani. Ukishindwa kuzuia mkojo, au ukifa ganzi katikati ya mapaja, njoo saa hiyohiyo. Wewe umechelewa, mama. Tutakupasua tuulegeze mshipa. Maumivu yatapungua. Nguvu za mguu siwezi kukuahidi."

Fundi alipasuliwa. Maumivu yakaondoka, akalala tena usingizi wa watu. Nguvu hazikurudi, wala ganzi haikuisha. Sasa anakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, polepole, na sare nyingi zimekwenda kwa mafundi wengine.

Juzi jirani yake alikuja kuchukua gauni, anachechemea.

"Ni mguu tu, Fundi. Nitauchua."

"Kiuno chako je? Hebu inua kidole gumba cha mguu huo."

Kiliinuka kidogo, kikaanguka.

"Nenda hospitali sasa hivi, dada. Gauni halina miguu, utalikuta hapahapa."

Jirani akacheka, lakini akaenda. Fundi aliinama chini ya meza kutazama mguu wake wa kulia umekaa wapi. Bila kuutazama, hana njia ya kujua.